Viashirio vya protini katika kinyweleo cha binadamu: dalili zinazopotosha na namna ya kupata visababishi vyake

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye amekwisha kukata vipande vya ngozi ya kichwa, akavipaka kingamwili na kuviweka chini ya hadubini, kisha akakuta rangi mahali asipoitarajia, au akaikosa pale alipokuwa na hakika ya kuiona. Kwa kinyweleo tunakusudia kifuko chote cha ngozi kinachoushika na kuuotesha unywele, kuanzia papila, kichomozo kidogo cha demisi (tabaka la ndani la ngozi) kilicho chini, hadi mdomo ulio juu ya ngozi. Ni kiungo kidogo chenye matabaka mengi, na baadhi ya matabaka hayo yana unene wa seli moja tu, kwa hiyo kosa dogo la pembe ya ukataji au la uchaguzi wa kingamwili linatosha kumfanya mtazamaji alipe tabaka moja jina la jirani yake.

Ramani ya kulinganishia

Ukianzia nje kuelekea katikati, utakuta kwanza ala ya tishu unganishi, ambayo seli zake huonyesha aktini ya misuli laini ya aina ya alfa, kisha utando wa msingi unaotambulika kwa laminini na kolajeni ya aina ya IV. Ndani yake iko ala ya nje ya mzizi, yenye keratini (protini za nyuzi, ambazo kila moja hutajwa kwa herufi K na namba yake) K5 na K14, pamoja na K6, K16 na K17 katika seli zilizo juu ya safu ya msingi. Linalofuata ni tabaka mwenza, safu moja ya seli bapa ambayo kiashirio chake bora ni K75. Halafu inakuja ala ya ndani ya mzizi yenye matabaka matatu: tabaka la Henle, tabaka la Huxley, ambalo Thomas Henry Huxley alilieleza mwaka 1845, na kutikula ya ala. K71, pamoja na K25, K27 na K28, hupatikana katika matabaka yote matatu. K74 ni ya tabaka la Huxley. K72 na K73 ni za kutikula ya ala, na K26 nayo iko hapo, lakini katika sehemu ya juu tu. Katikati kabisa uko unywele wenyewe: kutikula yake yenye K32 na K82, korteksi yenye K31, K81, K83, K86 na nyingine kadhaa, na medula, ambayo si kila unywele unayo. K35 na K85 hutangulia wenzao, kwani huanza kuonekana mapema katika sehemu ya juu ya matriksi (seli zinazogawanyika kuizunguka papila) na mwanzo wa korteksi, na pia katika kutikula ya unywele.

Ramani hiyo ni sahihi, lakini ina upungufu mmoja ambao ndio chanzo cha matatizo mengi yanayojadiliwa hapa chini: inataja tabaka bila kutaja kimo. Seli za matabaka ya ndani huzaliwa katika matriksi na kupanda kuelekea juu, zikianza kutengeneza keratini zao kwenye kimo fulani na kuacha kuzionyesha kwa kingamwili kwenye kimo kingine. Kwa sababu hiyo matokeo ya kiashirio chochote husomwa kwa mambo matatu yakiwa pamoja, yaani tabaka, kimo, na awamu ya mzunguko wa unywele. Anayesoma moja peke yake ataona hitilafu hata pale ambapo kazi yake ya maabara haina dosari, na atabadilisha kingamwili nzuri kwa sababu zisizo na msingi.

Rangi imeenea kila mahali

Anza na kipande ambacho hakikupakwa kitu chochote. Keratini ngumu za unywele na kolajeni ya demisi hung'aa zenyewe chini ya mwanga wa floresensi, hasa kwenye mkondo wa bluu na wa kijani, na mng'ao huo hufanana mno na matokeo mazuri ya kingamwili ya korteksi. Ikiwa kipande kitupu kinang'aa karibu sawa na kile kilichopakwa, tatizo haliko kwenye kingamwili, na dawa yake ni kuhamishia kiashirio chako muhimu kwenye rangi inayong'aa katika wekundu wa mbali, ambako mng'ao wa asili ni hafifu zaidi.

Kipande cha pili cha udhibiti kiwe kimepakwa kingamwili ya pili (ile inayobeba rangi na kuishika kingamwili ya kwanza) peke yake. Hiki hujibu swali tofauti: je, kingamwili ya pili inanaswa na tishu bila kuongozwa na ile ya kwanza? Ala ya ndani iliyokwisha kukakamaa na kingo za unywele zilizoachana na tishu zina tabia ya kunasa kingamwili kwa namna hiyo, na mtu akikosa kipande hiki cha udhibiti anaweza kutangaza kwamba amepata kiashirio kipya cha ala ya ndani, kumbe amepata utepe wa gundi. Ziba tishu kwa seramu ya mnyama yuleyule aliyetoa kingamwili ya pili, punguza mkusanyiko wa kingamwili, ongeza muda wa kuosha, kisha rudia.

Wanaotumia vimeng'enya badala ya floresensi wana mitego yao. Peroksidesi ya tishu huzimwa kwa hidrojeni peroksidi kabla ya kingamwili ya kwanza, na hilo wengi hulifanya kwa mazoea. Linalosahaulika zaidi ni kwamba papila ya demisi ina fosfatesi ya alkali kwa wingi kiasi cha kutumiwa yenyewe kuwa kiashirio cha papila. Ukitumia kimeng'enya hicho kuonyesha rangi bila kuongeza levamisoli, papila itawaka hata kama kingamwili yako haina uhusiano wowote nayo. Vilevile biotini ya tishu, ambayo huzidi kujitokeza baada ya tishu kuchemshwa, huleta rangi ya uongo katika mifumo ya avidini na biotini, na ni salama zaidi kutumia mfumo wa polima usiohitaji biotini.

Kisha kuna melanini. Nywele nyeusi zina chembe za melanini katika korteksi na katika matriksi iliyo juu ya papila, na rangi yake ya kahawia haitofautishiki kwa urahisi na kahawia ya DAB (diaminobenzidini, rangi inayoonyeshwa na peroksidesi). Njia nyepesi ni kuchagua rangi nyekundu ya kuonyeshea. Njia nyingine ni kuendelea na DAB na kupaka Giemsa kama rangi ya nyuma, ambayo huifanya melanini ielekee kijani huku DAB ikibaki kahawia. Kuichujusha melanini kwa kemikali kunawezekana, lakini kemikali hizo zinaweza kuharibu epitopi (sehemu ya protini inayoshikwa na kingamwili) unayoitafuta, kwa hiyo mimi huliona kuwa jambo la mwisho kujaribiwa.

Kingamwili ni ya tabaka moja, lakini matabaka mawili au matatu yameshika rangi

Hapa sababu ni tatu, na ni vizuri kuzichunguza kwa mpangilio huu: pembe ya ukataji, undugu wa keratini, na ukweli wenyewe wa kibiolojia.

Pembe ya ukataji huja kwanza kwa kuwa ndiyo ya kawaida zaidi na ndiyo rahisi kuthibitisha. Vinyweleo vya kichwani havikusimama wima ndani ya ngozi. Vimelala kidogo, na kila kimoja kina mwelekeo wake. Kisu kikipita kwa mshazari, tabaka lenye unene wa seli moja huonekana kama mkanda wa seli nne au tano, na matabaka mawili yaliyopakana huonekana kama yamelaliana. Kipimo cha haraka ni kuangalia kama unaliona tundu lote la papila, shingo yake na mhimili wa unywele katika kipande kimoja. Usipoviona, usitoe hukumu juu ya unene wa tabaka lolote katika kipande hicho. Hata hivyo tiba ya kweli ni kukata vinyweleo kwa mapana, kimoja baada ya kingine kwa mfululizo, kutoka kwenye papila hadi kwenye mdomo. Mkato wa mapana huonyesha matabaka yote yakiwa duara ndani ya duara, na mfululizo wake hukupa kimo bila kukisia. Ni kazi ya kuchosha, lakini hakuna njia nyingine inayomaliza ubishi wa tabaka la Henle na tabaka mwenza kwa uhakika kama huo.

Sababu ya pili ni undugu. Binadamu ana jeni 54 za keratini zinazofanya kazi, 28 za aina ya I na 26 za aina ya II, zikiwa zimekusanyika karibu zote katika kromosomu ya 17 na ya 12. Sehemu ya kati ya protini hizi, ile inayojisokota kuunda uzi, inafanana sana kutoka keratini moja hadi nyingine. Kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya sehemu hiyo ya kati haiwezi kuaminiwa kutenganisha K71 na K74, wala K75 na K6. Ile iliyotengenezwa dhidi ya ncha za protini, yaani kichwa au mkia wake, ndiyo yenye nafasi ya kuwa mahususi, kwa sababu ncha ndizo zinazotofautiana. Kwa hiyo kabla ya kununua au kulaumu, soma ni mfuatano gani wa asidi amino uliotumika kuichokoza kinga ya mnyama. Muuzaji asiyeutaja mfuatano huo anakuachia wewe kazi ya kuthibitisha.

Njia moja ya kuthibitisha iko tayari kwenye kipande chako. Epidamisi (tabaka la nje la ngozi) iliyo kati ya vinyweleo ina K5, K14, K1 na K10, na haina K71 wala K31. Kingamwili ya K71 ikiipaka epidamisi, imeshajieleza. Kwa keratini ngumu za unywele, matriksi ya kucha ni tishu nzuri ya kuthibitishia kwa upande mwingine, kwani nayo hutengeneza keratini za jamii hiyo, zikiwamo K31 na K85.

Sababu ya tatu haihitaji kurekebishwa, bali kutambuliwa. Baadhi ya seli za tabaka la Huxley hutoa vipanuzi vinavyopenya kati ya seli za Henle hadi kufika kwenye tabaka mwenza. Wataalamu wa Kijerumani waliziita seli za mabawa. Zinaendelea kubeba K74. Mtu anayeona vidoa vya K74 vilivyojitenga ndani ya tabaka la Henle, vikiwa vimeunganishwa na tabaka la Huxley pale kipande kinapofuatwa kwa kina, anaona hali halisi ya kinyweleo.

Ala ya ndani inashika rangi chini, juu hakuna kitu

Dalili hii ndiyo inayowasumbua wengi zaidi, na pia ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini kimo ni muhimu. Matabaka matatu ya ala ya ndani hayakakamai kwa pamoja. Tabaka la Henle hutangulia, likikakamaa kwenye kimo cha chini ambapo tabaka la Huxley bado lina seli laini zenye chembe za trikohaylini. Tabaka likikakamaa, nyuzi za keratini hufungwa ndani ya protini nyingine, trikohaylini hubadilishwa na kimeng'enya kinachogeuza arginini kuwa sitrulini, na vimeng'enya vya transglutaminesi huishona yote pamoja. Epitopi iliyokuwa wazi hufunikwa au hubadilika. Matokeo yake katika mkato wa urefu ni kwamba rangi ya K71 katika Henle hukoma ghafla, wakati katika Huxley inaendelea kupanda. Ukikata kwa mapana kwenye kimo cha kati, unaweza kuona duara moja la rangi pale ulipotarajia matatu, na ukadhani K71 ni ya Huxley peke yake. Shuka vipande kadhaa, na duara la Henle litatokea.

Juu zaidi, karibu na mahali ambapo mfereji wa tezi ya mafuta huingia, ala ya ndani humeng'enywa na kumomonyoka. Juu ya hapo haipo, na hakuna namna ya kufufua antijeni (kuitibu tishu, kwa mfano kwa kuichemsha, ili kingamwili iifikie tena protini) itakayorudisha tabaka lisilokuwapo. Ikiwa umekata sehemu ya juu ya kinyweleo peke yake, kama inavyotokea pale kipande cha ngozi kilipochukuliwa bila kufika kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, viashirio vyote vya ala ya ndani vitakuwa hasi, na jibu hilo litakuwa sahihi.

Sasa kuna hali ambapo rangi ni hafifu hata chini, katika seli ambazo bado ni laini. Hapo ndipo pa kushuku uhifadhi wa tishu kwa fomalini na ufufuaji wa antijeni. Fomalini hufunga protini kwa madaraja ya kikemikali, na kingamwili nyingi za keratini huhitaji kipande kilichomo katika parafini kichemshwe ama katika sitreti yenye pH 6, ama katika Tris pamoja na EDTA yenye pH 9. Jaribu zote mbili kwenye vipande vilivyofuatana kabla ya kubadilisha kitu kingine. Kuna kingamwili zinazofanya kazi katika moja na kukataa nyingine. Zikikataa zote, tumia kipande kilichogandishwa na kutibiwa kwa asetoni baridi. Kipande kilichogandishwa kikionyesha rangi safi, unajua kwamba protini ipo na kwamba fomalini ndiyo iliyoificha.

Korteksi ni chanya kwenye ukanda mfupi tu

Jambo hili lina mantiki ileile, ila kwa nguvu zaidi. Keratini za unywele zina sisteini nyingi, na katika ukanda wa kukakamaa, juu ya papila, sisteini hizo hufungana kwa vifungo vya disulfidi baina ya keratini na protini zinazoambatana nazo. Unywele uliokomaa ni mgumu kiasi kwamba kingamwili haipenyi ndani yake. Kwa hiyo K31 huonekana kwa nguvu kuanzia katikati ya korteksi inayoendelea kukua hadi kwenye ukingo wa ukanda huo, kisha hufifia. Usiandike kwamba uzalishaji wa K31 umekoma na protini imetoweka; protini imejaa humo kuliko mahali pengine popote, ila haifikiki. Anayehitaji kuithibitisha katika unywele uliokomaa autoe unywele huo, avunje vifungo vya disulfidi kwa kemikali inayovipunguza, ayeyushe protini katika urea, kisha azitenganishe kwa jeli au azipime kwa spektrometa ya masi.

Ugumu huo huleta pia dalili ya kimakanika: unywele hung'oka kutoka kwenye kipande wakati wa kukata au kuosha, ukichukua sehemu ya ala ya ndani pamoja nao na kuacha ufa wenye kingo zinazonasa rangi. Tumia slaidi zenye chaji, kisu kipya, na vipande vya mikroni 4 hadi 5 kwa parafini au 6 hadi 8 kwa vilivyogandishwa. Rangi yoyote iliyo kando ya ufa isihesabiwe.

Kutikula ipi?

Kutikula ya unywele na kutikula ya ala ya ndani zinapakana, kila moja ni nyembamba, na magamba yake yameumana: ya unywele yanaelekea juu, kwenye ncha ya unywele, na ya ala yanaelekea chini. Mstari mmoja wa rangi mahali hapo hauwezi kutambuliwa kwa macho peke yake. Paka K82 au K32 kwa rangi moja na K72 au K73 kwa rangi nyingine katika kipande kilekile. Hakikisha kingamwili hizo mbili zimetoka kwa wanyama wa spishi tofauti, maana zote zikitoka kwa panya, kingamwili ya pili itazishika zote mbili na utaona mchanganyiko kamili usiokuwapo.

Tabaka mwenza halionekani, au limekuwa nene mno

Likiwa nene mno, rudi kwenye pembe ya ukataji. Ikiwa pembe ni nzuri, kagua kama kingamwili iliyotumika ni ya K6 na si ya K75. K6 huonekana katika tabaka mwenza na katika seli za ndani za ala ya nje pia, kwa hiyo mkanda wake ni mpana kwa haki. Lisipoonekana kabisa, angalia kama ala ya ndani imejitenga na ala ya nje wakati wa kukata. Tabaka mwenza limeshikamana kwa nguvu na tabaka la Henle na hupanda pamoja nalo, huku mtelezo ukitokea kati yake na ala ya nje. Basi mpasuko ukitokea, litafute upande wa ndani wa ufa, si upande wa nje. Kwa tabaka hili, kalretinini ni kiashirio cha pili kinachosaidia, na faida yake ni kwamba si keratini, hivyo hatari ya undugu uliotajwa hapo juu haipo.

Kiashirio cha ala kimetokea katikati ya unywele

Trikohaylini si mali ya ala ya ndani peke yake. Iko pia katika medula. Kingamwili ya AE15, ambayo huitambua trikohaylini, itapaka vyote viwili, wakati AE13, inayotambua keratini za unywele za aina ya I, itapaka korteksi na kutikula. Medula hubeba mchanganyiko mkubwa wa keratini kuliko tabaka jingine lolote, na K75 nayo imeonekana humo, hasa katika nywele nene za ndevu. Mstari wa kati wenye rangi ya K75 au trikohaylini hauhitaji maelezo mengine.

Ala ya nje ina rangi iliyofifia, kama iliyosuguliwa

Seli za ala ya nje zilizo juu ya safu ya msingi, katika sehemu ya chini ya kinyweleo, zimejaa glikojeni. Nyuzi za keratini husukumwa pembeni mwa seli, na K5 au K14 huonekana kama wavu mwembamba badala ya rangi iliyotanda. Linganisha na epidamisi ya kipande hichohicho: ikiwa safu ya msingi ya epidamisi imeshika vizuri, kingamwili iko sawa.

Nundu haipatikani, au inaonekana kuwa kubwa mno

Nundu ni eneo la ala ya nje linalohifadhi seli shina, nalo liko mahali ambapo msuli unaosimamisha unywele hujishikiza. Kwa binadamu halijitokezi wazi kwa umbo kama kwa panya, na hapa ndipo tunapoona madhara ya kunakili orodha ya viashirio vya panya bila kuipima. CD34 ni kiashirio kinachojulikana sana cha nundu ya panya. Katika kinyweleo cha binadamu kilicho katika ukuaji, CD34 haiko katika nundu; iko katika ala ya nje chini yake, na bila shaka katika mishipa ya damu inayozunguka, ambayo ni udhibiti mzuri wa ndani. Mtafiti anayezitenga seli chanya za CD34 kutoka kichwa cha binadamu akiziita seli shina za nundu amebeba kundi jingine kabisa. Kwa binadamu tumia K15, K19 na CD200, na uzisome pamoja.

K15 nayo ina tabia zake. Kingamwili ya C8/144B ilitengenezwa dhidi ya kipande cha CD8, alama ya limfosaiti, lakini huishika pia K15 na imekuwa ikitumika sana kuonyesha nundu. Maana yake ni kwamba katika ngozi yenye uvimbe, limfosaiti zilizoingia ndani ya ala zitashika rangi pia, na chembe hizo za mviringo zisihesabiwe kuwa seli shina. Zaidi ya hayo, kingamwili mbalimbali za K15 hazionyeshi eneo la ukubwa mmoja. Baadhi huishia karibu na nundu, nyingine huteremka mbali katika safu ya msingi ya ala ya nje. Ili kulimaliza jambo hili, paka aktini ya misuli laini kwenye kipande kinachofuata na uutafute msuli. Pale unapojishikiza ndipo pa kuanzia kupima. Usichague mpaka wa nundu kwa kutazama mahali ambapo rangi ya K15 inaishia, kwa kuwa hapo unakipima kiashirio kwa kiashirio chenyewe.

Matabaka ya ndani hayapo katika baadhi ya vinyweleo

Katika ngozi ya kichwa yenye afya, takriban asilimia 85 hadi 90 ya vinyweleo huwa katika anajeni, yaani awamu ya ukuaji. Vilivyobaki viko katika katajeni, ambamo matriksi hujifunga na sehemu ya chini husinyaa, au katika telojeni, ambamo unywele umebaki na mzizi wenye umbo la rungu ukishikwa na ala ya nje bila ala ya ndani. Kukosa K71 katika kinyweleo cha telojeni ni matokeo sahihi. Paka Ki-67, kiashirio cha seli zinazogawanyika, kando: matriksi ya anajeni huwa na viini vingi chanya chini ya mstari unaopita kwenye upana mkubwa wa papila, ilhali katika telojeni hakuna matriksi ya namna hiyo. Kinyweleo kisichojulikana awamu yake kisiingizwe kwenye hesabu.

Kwa nywele zilizong'olewa, hesabu hubadilika tena. Papila kwa kawaida hubaki ndani ya ngozi, na ala ya nje hutoka ikiwa imechanika, mara nyingi bila safu yake ya msingi. Kukosekana kwa viashirio vya papila au vya utando wa msingi katika sampuli hiyo hakusemi lolote kuhusu mwenye nywele.

Makala mbili zinapingana kuhusu kiashirio kimoja

Kagua majina kabla ya kukagua matokeo. Mfumo wa sasa wa majina ya keratini ulitolewa mwaka 2006, na maandishi ya kabla ya hapo hutumia mengine: K75 ilikuwa K6hf, K71, K72, K73 na K74 zilikuwa K6irs1 hadi K6irs4, K31 ilikuwa hHa1, K35 ilikuwa hHa5, K81 ilikuwa hHb1, K85 ilikuwa hHb5 na K86 ilikuwa hHb6. Chupa za kingamwili za zamani bado zina majina hayo, na mtu anayesoma K6hf kama K6 ya kawaida atatarajia mkanda mpana na kupata mstari mwembamba.

Upinzani mwingine hutokea pale makala moja inapopima protini na nyingine inapopima mRNA. Ujumbe wa jeni hutangulia, chini, katika seli changa. Protini hujikusanya na kubaki juu baada ya ujumbe kutoweka. Tofauti ya kimo kati ya picha hizo mbili ni ya kutarajiwa, na huwa kubwa zaidi katika korteksi.

Seli zilizokuzwa katika sahani zimepoteza utambulisho

Seli za ala ya nje zikitolewa na kukuzwa, hujibu kama ngozi iliyojeruhiwa: huongeza K6, K16 na K17. Kwa kuwa keratini hizo hizo ni za ala ya nje yenye afya, haziwezi tena kuthibitisha asili ya seli, maana hata seli za epidamisi zilizokuzwa huzionyesha. Seli za papila nazo hupoteza fosfatesi ya alkali kadiri zinavyohamishwa kutoka sahani moja hadi nyingine. Hivyo utambulisho uchukuliwe siku ya kutenga, kwa kipande kidogo cha tishu ileile kilichohifadhiwa kabla ya kuzitenganisha seli, na matokeo ya baadaye yalinganishwe na kipande hicho badala ya kulinganishwa na ramani iliyochorwa kutokana na ngozi ya mtu mwingine.